Usaili wa Amazon nikiwa Kampala: maoni yangu

Wadogo zangu kadhaa wa Makerere na Kyambogo wameniuliza usaili wa Amazon ukoje, kwa kuwa niliufanya nikiwa hapa hapa Kampala, kwa nafasi ya mhandisi wa programu katika ofisi yao ya Cape Town. Ni mgumu, lakini ni wa haki kuliko wowote niliowahi kufanya, na kinachowaangusha wengi wetu si kuandika programu.

Cape Town niliichagua makusudi. EC2, ile huduma ya kukodisha kompyuta inayobeba mifumo mingi tunayotumia kila siku, ilijengwa huko na timu ya Chris Pinkham, ikazinduliwa Agosti 2006. Nilitaka kukaa meza moja na watu wa namna hiyo.

Unaanza na mtihani wa mtandaoni wenye muda maalumu, kisha mazungumzo ya simu, halafu siku yenyewe: wasaili wanne hivi, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja karibu saa nzima. Maswali sitayataja, niliahidi kutoyatoa. Ila jua vizuri njia za kupanga data ndani ya programu, kama miti, grafu na majedwali ya hashi, na uweze kueleza programu yako inakula muda na kumbukumbu kiasi gani.

Kazi iko hapa. Amazon wana kanuni 16 za uongozi, ziko wazi kwenye tovuti yao, na sehemu kubwa ya mazungumzo ni kukupima kwa kanuni hizo kupitia visa vya kazi ulizofanya. Mimi nilieleza mfumo wa SACCO moja ya wakulima wa kahawa upande wa Masaka. Mtandao ulipokatika katikati ya marejesho ya mkopo, simu ya wakala ilituma tena, na mkulima akakatwa mara mbili. Nikasema tulikaa, tukajadiliana, tukarekebisha. Msaili, dada mpole kabisa, akanisimamisha: wewe binafsi ulifanya nini? Nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyependekeza kila muamala upewe namba yake ya pekee ukiwa bado kwenye simu, ili seva ikiiona namba hiyo tena irudishe jibu lile lile bila kukata pesa. Akazidi kuchimba. Nani alipinga? Kwa nini? Ulijuaje kwamba dawa imefanya kazi? Leo ungebadilisha nini? Muda mwingi ukaishia kwenye kisa hicho kimoja.

Sisi tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, na kazi nzuri tunaisema kuwa ya wote. Msaili hana njia nyingine ya kuujua mchango wako. Andaa visa vichache vya kweli, vyenye namba na matokeo, na uvizoee kwa sauti, si kichwani tu.

Kilichonigusa zaidi ni utaratibu. Mmoja wa wasaili, wanayemwita Bar Raiser, hutoka timu nyingine isiyo na haraka ya kujaza nafasi, na anaweza kuzuia ajira hata wengine wakikupenda. Hakuna aliyeniuliza kabila langu wala nani amenituma. Kwa mtu aliyezunguka mjini na bahasha ya vyeti akiulizwa swali hilo hilo mapokezi baada ya mapokezi, hilo ni jambo kubwa mno. Nafasi sikuipata, na bado namshauri kila aliye tayari aombe.

Linaloniuma ni mfumo huu wa mafumbo ya kuandika programu unaotumiwa na kampuni kubwa karibu zote. Unampendelea mwenye jioni huru za kufanya mazoezi. Dada mwenye mtoto mchanga na kazi ya mchana anaweza kuwa fundi hodari kuliko mimi, asipite.

Kwa upande wa vifaa, usitegemee stima ya nyumbani. Mimi nilikodi chumba kidogo Ntinda chenye jenereta na waifai, ikawa nafuu kuliko kuchoma bando kwa simu za video, maana data yenyewe ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Na uangalie saa: Cape Town wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo wakikupangia saa nne asubuhi kwao, wewe kaa tayari saa tano.