Miezi minane na kaseti ya 11-34: uzoefu wangu wa gia za kupandia milima kwa baiskeli

Kuna mlima nilioujua kila kona yake, na bado ulinishinda kila mara mahali palepale. Una urefu wa kilomita 6 na mwinuko wake kwa wastani ni asilimia 7. Sehemu kubwa nilikuwa naipanda vizuri, pumzi zikiwa sawa na miguu ikizunguka. Ila mita 800 za mwisho barabara inainuka ghafla na kufika asilimia 12, yaani kila mita 100 unazosonga mbele unapanda mita 12. Hapo pedali zilikuwa zinagoma. Nilisimama juu yake, nikavuta usukani huku na huku, nikafika juu magoti yakiwaka, na maumivu yale yalinifuata hadi siku ya pili yake.

Baiskeli yangu ya barabarani ilikuja na sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) mbili za mbele, moja ya meno 52 na nyingine 36. Nyuma kulikuwa na kaseti, yaani rundo la sproketi za nyuma, ya 11-28, maana yake sproketi yake ndogo kabisa ina meno 11 na kubwa kabisa 28. Aliyeniuzia aliniambia hizo ndizo gia za mtu anayetaka kasi. Nikaamini. Kwa msimu mzima nilijiambia kwamba kinachokosekana ni mazoezi, nikaongeza mazoezi, na zile mita 800 hazikubadilika.

Kilichonifumbua macho ni kuhesabu. Nilihesabu mguu wa kulia unashuka mara ngapi katika sekunde 30 pale kwenye sehemu kali. Ilikuwa mara 21, yaani mizunguko 42 kwa dakika. Kule chini kwenye asilimia 7, na gia ileile nyepesi kabisa, nilikuwa nazungusha 69. Mita ya nguvu, kifaa kinachopima nguvu ninayokanyagia, ilionyesha wati 200 huku na kule. Kwa hiyo mapafu na moyo havikuwa na shida yoyote. Kazi ilikuwa ileile, ila pale juu niliigawa katika mikanyagio michache mno, na kila mkanyagio ukawa mzito kupita kiasi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua meno ya mbele, gawanya kwa meno ya nyuma. 36 kwa 28 ni 1.29, na hiyo ndiyo idadi ya mara gurudumu la nyuma linazunguka kila pedali zinapomaliza duara moja. Gurudumu la baiskeli ya barabarani likizunguka mara moja linakwenda takriban mita 2.1. Basi kila duara la miguu yangu lilinisogeza mita 2.7. Mimi, baiskeli, chupa za maji na nguo tulikuwa na uzito wa kilo 84. Kwa wati 200, uzito huo kwenye asilimia 12 hauwezi kuzidi kilomita 6.8 kwa saa. Mwendo huo na gia hiyo vinakulazimisha kuzungusha mizunguko 42, upende usipende. Mazoezi yangeweza kuongeza wati kidogo, lakini gia ingebaki ileile.

Kama huna mita ya nguvu, ipo njia ambayo sasa namwambia kila anayeniuliza. Nenda kwenye sehemu kali kuliko zote unazopanda mara kwa mara, ukiwa umechoka kiasi cha siku ya kawaida, uweke gia nyepesi kabisa uliyo nayo. Hesabu mizunguko yako kwa dakika. Kisha chukua uwiano wa gia hiyo (meno ya mbele gawanya kwa ya nyuma), uzidishe kwa mizunguko uliyohesabu, ugawanye kwa mizunguko unayoitaka. Mimi nilitaka 55 angalau: 1.29 mara 42, gawanya kwa 55, nikapata 0.98. Hiyo ni karibu sana na moja kwa moja, meno 34 mbele na 34 nyuma. Sikuhitaji kumuuliza mtu mwingine yeyote.

Angalia kwamba nilipima sehemu kali. Wastani wa mlima unadanganya. Ningechagua gia kwa ile asilimia 7, ningeona mizunguko 69 inatosha kabisa na nisingebadilisha kitu. Magoti hayapandi wastani.

Basi nikanunua. Nilichagua vifaa vya kampuni ya Shimano, seti ya 105 ya gia 11 za nyuma, toleo la R7000: kaseti ya 11-34, krenki (mikono ya pedali na sproketi zake za mbele) ya 50-34, pamoja na direla ndefu. Direla ni kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine, na hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Katika toleo hilo direla zipo za aina mbili. Fupi, inayoandikwa SS, inakubali sproketi ya nyuma isiyozidi meno 30. Ndefu, GS, inafika 34. Ukubwa wa sproketi si kitu pekee cha kuangalia. Direla ndiyo inayokunja cheni inayobaki ukiwa kwenye sproketi ndogo, na ina kikomo cha kiasi inachoweza kukunja. Unakipata hivi: tofauti ya sproketi za mbele, ongeza tofauti ya kubwa na ndogo za nyuma. Kwa 50-34 na 11-34 ni 16 jumlisha 23, sawa na 39, na 39 ndicho kikomo cha GS. Ile SS inaishia 35. Baiskeli yangu ilikuwa na fupi. Fundi mmoja aliniambia tuifunge kaseti mpya na direla ileile ya zamani, tukaze tu ile skrubu inayosogeza direla mbali na kaseti, itapita. Kwenye stendi ilipita. Barabarani, kwenye gia nyepesi, gurudumu dogo la juu la direla lilikuwa linasaga meno ya kaseti kwa sauti ya kutisha, nikarudi nyumbani nikiogopa kuigusa gia ile niliyoinunua kwa ajili ya milima. Ukinunua kaseti kubwa, nunua na direla yake.

Cheni nayo. Ile ya zamani ilikuwa fupi kwa mpangilio mpya. Njia ninayoitumia ni kuizungusha cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, kisha kuongeza vipande viwili. Cheni fupi ni hatari, kwa sababu siku utakapoteleza ukaweka kubwa na kubwa, kitu kitavunjika, na mara nyingi ni direla yenyewe au kile kipande cha fremu kinachoishikilia. Na jambo moja dogo ambalo linaweza kukupotezea siku nzima: kaseti hii ya 11-34 imetengenezwa iingie hata kwenye habu (kitovu cha gurudumu la nyuma) za zamani za gia 10, kwa hiyo kwenye habu ya barabarani ya gia 11 inahitaji washa, yaani pete nyembamba, ya milimita 1.85 nyuma yake. Usipoiweka kaseti itacheza hata ukaze vipi.

Sasa barabarani. Mara ya kwanza kupanda mlima ule na 34 kwa 34, niliingia kwenye mita 800 nikiwa nimekaa, na nikabaki nimekaa. Nilihesabu: mizunguko 54. Mwendo ulikuwa uleule wa kilomita 6.8 kwa saa, sikuwa mwepesi zaidi hata kidogo, na ni haki niliseme hilo wazi kwa anayetarajia kaseti impe kasi. Lakini kila mkanyagio ulipungua uzito. Kabla ya hapo nilikuwa nakanyaga kwa nguvu iliyozidi hii kwa karibu asilimia 29. Magoti yalilala salama usiku ule. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba nilifika juu nikiwa na akiba, nikaendelea na safari badala ya kuegemea kingo za barabara.

Kwenye asilimia 7 siigusi 34. Nakaa kwenye 30 ya nyuma, miguu ikizunguka 78 hivi, na kujua kwamba bado kuna gia moja inayosubiri nyuma yangu kunanitia utulivu ambao sikuwahi kuwa nao mlimani.

Kuna kilichopotea. Kaseti ya 11-28 ilikuwa na sproketi za 11, 12, 13, 14, 15, zikifuatana jino kwa jino. Ya 11-34 inaruka: 11, 13, 15, 17. Sproketi ni 11 tu, na ukitaka kwenda mbali lazima hatua ziwe ndefu. Kaseti yoyote pana iko hivyo. Kwenye tambarare nikiwa kwenye kundi, kuna mwendo ambao 15 ni nyepesi kidogo na 13 ni nzito kidogo, na ile 14 naitamani kwelikweli. Anayekimbia kwenye tambarare wiki nzima na kuona mlima mara mbili kwa mwaka ataumizwa na pengo hilo kuliko atakavyofurahia 34. Kwake ningesema 11-30, ambayo inafanya kazi hata na direla fupi, na pamoja na 34 ya mbele inampa uwiano wa 1.13.

Kasi ya juu haikunitoka. Watu wananiuliza hilo kwanza, kana kwamba kutoka 52 kwenda 50 ni kukata miguu. Meno 50 kwa 11, ukizungusha 90 kwa dakika, ni kilomita 51 kwa saa. Nikiwa nashuka kwa mwendo unaozidi huo sipigi pedali tena, nainama na kushika breki kwa vidole viwili. Gia nzito ambayo huitumii ni chuma unachokibeba hadi juu ya mlima.

Kuhusu aibu, maana ipo: wapo wanaoitazama sproketi kubwa ya nyuma kama cheti cha udhaifu. Fikra hiyo ni ya zamani. Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, alizipinga gia za kubadilisha kwa miaka mingi, na ni mwaka 1937 tu direla ziliporuhusiwa kwa washindani wote wa mbio hizo. Kabla ya hapo walisimama chini ya mlima, wakachomoa gurudumu la nyuma, wakaligeuza ili watumie sproketi ya upande wa pili. Leo hata Dura-Ace, seti ya juu kabisa ya Shimano kwa wanaoshindana, inauzwa ikiwa na kaseti ya 11-34.

Ushauri mmoja wa matumizi kwa anayeanza na 50-34: hama kwenda sproketi ndogo ya mbele kabla mwinuko haujakaza. Kutoka 50 hadi 34 ni kuruka meno 16, miguu hupoteza upinzani ghafla, na ukifanya hivyo ukiwa unakanyaga kwa nguvu zote cheni inaweza kudondoka ndani. Punguza nguvu nusu duara, hama mbele, kisha nyuma rudi gia mbili kuelekea nzito. Ndani ya wiki mbili mikono itafanya yenyewe.

Rafiki yangu ninayepanda naye aliona matokeo akataka kuniiga kila kitu. Yeye na baiskeli yake wana kilo 110, na wati zake ni kama zangu. Nilimwazima baiskeli yangu apande zile mita 800 kwanza, nikamwambia ahesabu. Alihesabu 41. Tukafanya hesabu ileile, 1 mara 41 gawanya kwa 55, ikatoka 0.75, yaani kitu kama meno 30 mbele na 40 nyuma. Direla yangu haifiki huko, na nilimwambia asinunue hii niliyo nayo. Sasa anatafuta seti ya baiskeli za njia za changarawe, na tutaipima palepale mlimani kabla hajatupa ya zamani.