Stokes au Cummins: nani aliongoza vizuri zaidi Edgbaston 2023?

Katika mechi hii ya kriketi ya siku tano, Stokes, nahodha wa Uingereza, aliifunga kwa hiari zamu ya kupiga ya timu yake siku ya kwanza tu, mbio 393 kwa wiketi 8 (wapigaji wanane wametolewa), Joe Root akiwa bado anatamba na mbio zake 118. Kiburi? Labda kidogo. Lakini tazama alivyomnasa mpigaji wa Australia, Usman Khawaja, aliyeshafika mbio 141: wadakaji sita wamepangwa nusu duara mbele yake, akatoka kujitafutia nafasi, mrushaji Robinson akaving'oa vijiti vilivyo nyuma yake, akatolewa.

Cummins, nahodha wa Australia, aliweka mlinzi mpakani tangu mpira wa kwanza, na mpigaji wa Uingereza, Crawley, akaupiga huohuo kwa mbio nne. Uoga mtupu. Ila siku ya tano, wakifukuzia mbio 281, alishika gongo mwenyewe: 44 bila kutolewa, Australia ikashinda ikiwa imebakiza wiketi 2. Kwa mbinu bado nampa Stokes, japo mbio ambazo Root angeweza kuongeza kama zamu isingefungwa zinaniuma.