Mafuta ya cherehani kwenye cheni ya saa inayolia: uzoefu wangu

Ninachokisifia hapa ni kile kichupa cha plastiki cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu mwembamba, kinachopatikana kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji. Changu nilikinunua Kariakoo kwa bei ya chee. Saa yangu ni ya cheni, chuma kisichoshika kutu, nimeivaa kazini miaka mingi, na ilifika mahali nikikunja mkono tu inalia kwii. Kwenye daladala hakuna anayesikia. Ofisini kwenye kikao, kila nikigeuza karatasi watu wanachungulia chini ya meza kutafuta panya.

Fundi mmoja alinishauri ninunue cheni mpya. Haikuwa na haja.

Kabla hujafungua kichupa, tafuta kwanza panapolia. Vua saa, shika pingili mbilimbili, zikunje taratibu karibu na sikio. Yangu ililia karibu na kifungio, na pia pale cheni inapoungana na saa yenyewe. Hapo pa pili ndipo wengi wanapopasahau: wanapaka mafuta pingili zote, mlio unabaki palepale, kisha wanalaumu mafuta.

Halafu osha. Hili silifanyii mzaha, maana kinachopiga kelele mara nyingi ni uchafu. Jasho la Dar likikauka linaacha chumvi, nayo inashikana na vumbi, losheni na ngozi iliyokufa ndani ya viungo. Ukidondosha mafuta juu ya hayo unapata tope linalosaga pini, na cheni inaanza kulegea kabla ya wakati wake. Cheni niliitoa kwenye saa nikiwa nimeingiza mikono ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha, kwa sababu zile pini zenye springi zikiruka hutaziona tena. Nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kisha nikaisugua kwa mswaki laini, hasa upande unaogusa ngozi. Maji yakawa ya kijivu na chembechembe nyeusi zikatua chini ya bakuli. Kama huwezi kuitoa cheni, usiloweke saa nzima. Maandishi ya mita 30 mgongoni yasikudanganye, hiyo ni ya kuvumilia matone ya maji tu. Tumia kitambaa chenye unyevu na mswaki.

Baada ya kuosha tu, kelele za kifungioni zilikuwa zimeshapungua sana. Nikaikausha kwa taulo, kisha nikaiacha mbele ya feni. Cheni nyingi za bei nafuu pingili zake ni bati lililokunjwa, zina uwazi ndani, na maji hujificha humo.

Sasa mafuta. Usimimine moja kwa moja kutoka kwenye kichupa. Chovya ncha ya kijiti cha meno, gusa kila kiungo kwa upande wa ndani, kunja na kunjua cheni mpaka uhisi imelainika. Mafuta haya ni mepesi, yanaingia yenyewe mpaka kwenye pini. Kisha futa kwa kipande cha fulana ya pamba, futa tena, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Kinachotakiwa ni kilicho ndani ya kiungo. Kinachobaki nje kitakusanya vumbi.

Pale cheni inapokutana na saa sikutumia mafuta ya cherehani. Nilipaka grisi ya silikoni kidogo sana, ile ambayo mafundi hupaka kwenye mipira ya kuzuia maji kuingia ndani ya saa. Yenyewe haitiririki, na haina ugomvi na mipira hiyo.

Watu wataniuliza kuhusu WD-40, ile ya kopo la kupuliza. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Mlio itaukata, ila sehemu yake kubwa ni kiyeyushi kinachopaa, na ukipuliza inasambaa hadi kwenye saa. Mafuta ya mgando yananyamazisha lakini yananasa vumbi. Ya nazi yanaishia kunuka. Na kama pini zimelika au pingili zimepinda, hakuna mafuta yatakayosaidia, hapo mpelekee fundi.

Kwangu mlio umekwisha, na cheni inateleza vizuri mkononi. Kwa joto letu, kuosha inabidi kurudiwe kila uchafu unapojaa. Mafuta nayo ni tone lilelile.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kichupa chenyewe: kifuniko hakikazi sawasawa, na kikilala kwenye droo kinavuja. Kihifadhi kikiwa kimesimama ndani ya kikombe cha zamani.