Kompyuta ya Gari kwa Laptopu ya Zamani: Pesa Iweke Kwenye Umeme

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tuko Soweto hapa Mbeya, ndani ya Toyota Noah, na tunaangalia kama ile laptopu iliyolala kabatini kwako inaweza kuwa kompyuta ya gari ikafanya kazi ya maana. Jibu nalitoa mapema kwa asiye na muda: inaweza, na inafanya kazi vizuri. Ila pesa yako usiimalizie kwenye kioo kikubwa wala mapambo ya dashibodi. Iweke kwenye umeme. Sehemu kubwa ya video hii ni umeme, na nina sababu.

Kwanza, kwa nini mtu ahangaike? Gari hili limetoka Japani kama mengi yanayopita hapo nje. Redio za Japani za miaka ile zinashika masafa ya 76 hadi 90, na stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo unabaki na kipande kidogo tu pale mwanzoni. Ramani yake ni ya Japani, maandishi ni ya Kijapani. Una kioo kizima kwenye dashibodi na kazi yake ni kukuonyesha saa.

Sasa sogeza kamera hapa. Hii ni Toshiba Satellite, ramu GB 4. Diski yake ya kuzunguka nimeitoa, nikaweka SSD ya GB 120, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hilo sitaki ubishi: diski ya kuzunguka ina kichwa kinachoelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unywele, na wewe unakwenda nayo Ubaruku kwenye barabara za mashambani. Itakufa. Mfumo wa kuendesha mashine ni Linux Mint badala ya Windows, kwa sababu Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025, na mashine ya umri huu Windows 11 haiikubali.

Imekaa chini ya kiti cha abiria, kifuniko kimefungwa, picha inatoka kwenye kioo kidogo cha kugusa pale mbele, imeinuliwa kwa vipande viwili vya mbao ili feni ivute hewa isivute zulia. Wenye Noah zile za zamani, kabla ya 2001, nisikilizeni: injini yenu iko chini ya viti vya mbele. Msiweke hapo, itaiva. Tafuteni nafasi nyuma.

Haya, umeme. Geuza chaja ya laptopu yako usome. Hii imeandikwa volti 19, ampea 3.42. Zidisha, unapata wati 65. Betri ya gari ina volti 12 na ushei. Wengi hapa wanakimbilia inveta. Inveta inaichukua 12, inaipandisha mpaka 230, halafu chaja inaishusha tena mpaka 19. Ni kupanda mlima Loleza mpaka kileleni ili ufike Mwanjelwa huku chini mjini. Kila hatua umeme unapotea kama joto, na inveta ndogo za bei rahisi zina feni inayopiga kelele safari nzima.

Kinachotakiwa ni hiki, konveta. Inatoka 12 inakwenda 19 moja kwa moja. Nishike hapa mkononi muone: bodi ya alumini, mapezi ya kupoza joto, waya wa kuingia mnene kuliko wa kutoka. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayoitazama dukani. Wati 65 kwa volti 12 ni ampea 5 na nusu, ukiweka na upotevu unafika 6. Ukikuta waya wa kuingia ni mwembamba kama wa spika, rudisha. Fyuzi yangu ni ya ampea 10, na iko karibu kabisa na betri, siyo huku kwenye kiti. Kwa nini? Waya ukichubuka popote njiani na kugusa bodi ya gari, fyuzi iwe imeshatangulia, ikate umeme.

Ila konveta hii ina kitu kimoja sikipendi hata kidogo. Ona hiki kiswichi cha kusogeza. Kinachagua volti: 15, 16, 18, 19, 20, 22, 24. Hakina kizuizi chochote. Mguu wa abiria ukikigusa, laptopu inapokea 24. Mimi nimekiweka kwenye 19, nimepima kwa mita, kisha nimekifunika kwa gundi ya moto kisisogee tena. Kama unaweza kupata konveta ya volti moja tu, chukua hiyo.

Angalia mita sasa. Gari limezimwa: 12.5. Napiga stata... imeshuka mpaka 9 na kitu. Injini imewaka, 14.1. Ule mshuko wa sekunde moja ndio unaozima kompyuta za watu. Konveta inakata, kompyuta inazima ghafla, na faili zinaharibika. Hapa laptopu inashinda kompyuta nyingine yoyote, kwa sababu ina betri yake. Umeme ukikatika inaendelea kama haikusikia. Kwa hiyo betri ya laptopu usiitupe hata kama imechoka. Ikishika dakika kumi inatosha. Iliyovimba tu ndiyo itoke leo hii, hiyo ni hatari ya moto.

Lingine ni asubuhi za Juni na Julai, na baridi yetu mnaijua. Laptopu ikila wati 20 gari limepaki, ni karibu ampea-saa 2 kwa kila saa inayopita. Usiku mzima wa masaa kumi ni ampea-saa 20. Betri ya gari ya saizi ya NS60 ina kama 45 ikiwa mpya. Umekula karibu nusu, na baridi nayo inapunguza nguvu ya kupiga stata. Ndiyo maana nimeweka relei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme: umeme mnene unatoka kwenye betri, lakini relei inawashwa na waya wa ACC, ule unaopata umeme ukigeuza ufunguo. Ukitoa ufunguo konveta inakata, laptopu inaona imebaki na betri yake, baada ya dakika tano inajilaza yenyewe. Mpangilio huo uko kwenye Mint, hauhitaji programu ya ziada.

Sauti. Nilichomeka waya kutoka laptopu kwenda AUX ya redio, sikilizeni: ule mluzi unapanda nikikanyaga mafuta. Ni oltaneta. Laptopu na redio zimepata ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, sehemu mbili tofauti, na kelele inapita katikati. Dawa yake ni kikasha hiki kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinakaa kwenye waya wa sauti. Sasa sikilizeni tena, mguu bado uko kwenye mafuta. Kimya. Ni kitu cha bei ndogo na kinabadilisha kila kitu.

Redio ndiyo iliyonifurahisha kuliko vyote. Hiki kidude cha USB kilitengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni. Mwaka 2012 wataalamu waligundua kwamba chipu yake, RTL2832U, inaweza kushika masafa mapana. Hiki chenye chipu ya pili ya kushika mawimbi, R820T, kinaanzia megahezi 24 hadi 1,766. FM yetu yote imo, na kwenye kioo unaiona kila stesheni imesimama kama kilima. Unagusa kilima, unasikiliza. Antena ni ileile ya gari, unahitaji kiunganishi tu. Kiweke mbali na konveta, la sivyo stesheni dhaifu zinamezwa na kelele.

Ramani ni programu ya Navit pamoja na data ya OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, imeshushwa nyumbani, haihitaji bando. Kutoka Uyole mpaka Kyela mshale haukupotea. Ila vijiji vingine vina barabara zilizochorwa bila majina, kwa hiyo kutafuta kwa jina kunakwama. Kioo cha kugusa ni cha inchi 7, jua la mchana kinafifia, sitakisifia. Na msikibandike mahali mfuko wa hewa unapofungukia.

Kidude cha ELM327 cha kusoma injini sikipendekezi kwa Noah hizi. Soketi inaingia sawa, lakini magari mengi ya soko la Japani ya miaka hiyo hayaongei lugha yake.

Ukitaka muziki na kamera ya nyuma tu, nunua redio ya Android, fundi aifunge, umemaliza. Pima upana kwanza, za Toyota ni milimita 200 na nyingi za kawaida ni kama 180. Na wenye Dell: chaja zenu zina pini ya katikati inayojitambulisha kwa laptopu. Konveta isiyo na utambulisho huo itaiwasha mashine lakini betri haitachaji, na bila betri ule mshuko wa stata utawazima. Nendeni dukani na laptopu yenyewe mkononi, muuzaji aichomeke mbele yenu, na msilipe mpaka alama ya kuchaji itokee.