Gongo la kipa la mtumba na fundi wa Pasua aliyelikata: maoni yangu kwa makipa wa hoki Moshi na Arusha

Hii ni kwa makipa hasa. Ukicheza mbele au kati gongo unalishika kwa mikono miwili, urefu ukizidi kidogo mwili unazoea wenyewe. Kipa wa mpira wa magongo habari yake nyingine kabisa, analishika kwa mkono wa kulia peke yake, kushoto ana glavu kubwa ya kuzuia, vidole vya kulia navyo vimebanwa ndani ya glavu, kichwani helmeti, miguuni mapedi, afu goli nyuma yake lina upana wa mita 3.66 na mpira unaokuja una gramu 160 hivi na ni mgumu. Gongo likiwa refu kuliko wewe kifundo cha mkono kitakwambia mapema tu, na ukiruka kulia kichwa cha gongo, ile sehemu ya chini inayogonga mpira, kinafika chini umechelewa. Mi ni mfupi na mkono wangu mdogo, kwahiyo nimeteseka na magongo ya kuazima mpaka nikaamua nitafute langu nilirekebishe likae mwilini mwangu.

Gongo lenyewe nimelipata soko la Memorial Moshi, kwenye meza za vifaa vya michezo vya mtumba, lilikuwa limelazwa na raketi za tenisi. Yule kijana alianza na elfu 35 tukavutana tukamalizana kwa elfu 20. Ni la mbao, na ni la kipa kweli, ndoano yake ya chini imepinda kurudi juu vizuri na uso wake umenyooka. Stika karibu yote imefutika ila bado unasoma Sialkot, ule mji wa Pakistan unaotengeneza vifaa vya michezo vya dunia nzima. Watu wengi wakiona mbao wanaliacha wanataka kaboni. Kiukweli kwa kipa anayetaka kujirekebishia nyumbani mbao ndo yenyewe, na sababu nitaielezea vizuri maana hapa ndipo wengi wanaharibu.

Gongo la namna hii si mti mmoja. Kichwa ni mforosadi, huo huo mnaokula matunda yake, mti mgumu lakini una kubonyea fulani hivi ndo maana haupasuki ovyo. Mpini ni henzirani, ile ya bakora, vipande vimegandishwa pamoja na katikati wameweka mpira mwembamba wa kunyonya mshtuko ili mkono usife ganzi, afu mpini umechomekwa kwenye kichwa kwa umbo la V, wakapaka gundi na kuzungushia uzi. Ule uzi ukitoa gripu, yaani kile kilichozungushiwa mpini pa kushikia, utauona, usiukate na usiukwangue na msasa, ndo unaoshika henzirani zisiachane. Ukijua hivo unajua pa kugusa na pa kuacha. Juu kabisa kwenye mpini unaweza kukata. Pale kwenye kiungo cha V usiguse kabisa. Kichwani usitoe mbao hata kidogo.

Lilikuwa na sentimita 95 na kidogo, mi nikalitaka 91. Kabla ya kukata chochote fanya jaribio hili, halina gharama. Zungusha tepu kwenye mpini pale unapotaka mkono wako uishie, cheza mazoezi yako yote ukiwa umeshika chini ya ile tepu, pigwa mashuti, ruka kulia, inuka, ruka tena. Ukiona mkono wenyewe unapanda juu ujue unataka kukata kupita kiasi. Kipa akiruka kulia gongo ndo linampa zile sentimita za mwisho kufika kwenye nguzo, kila unachokata ni goli unaliacha wazi upande ule, kwahiyo kata kwa hesabu. Mi nilihamisha ile tepu mpaka mkono ukatulia kwenye 91 ndo nikasema sasa twende kwa fundi.

Kwanini fundi wakati msumeno hata nyumbani upo? Kwasababu ya jiliwa. Mpini wa henzirani ukiushikilia kwa goti na kukata na msumeno wa meno makubwa nyuzi zinachanika na vipande vinaanza kuachana kutokea juu. Fundi wangu yupo Pasua, mzee mmoja anatengeneza vitanda na makabati, karakana yake ya mabati haina hata kibao cha jina. Nimeingia nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, hii fimbo ya mgonjwa? Nikamwambia ni gongo la hoki mzee, akauliza kwani huku tunacheza huo mchezo. Nikamwambia Tanzania tulienda Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 kwa huo huo mchezo, wanaume, na India waliochukua dhahabu walitufunga 18 kwa bila. Mzee aliweka randa chini akasema kumi na nane, huyo kipa alisimama na nini mkononi? Tangu hapo alilishughulikia lile gongo kwa heshima zote, na mi lile swali lake sijalisahau maana ndo swali lenyewe, tunajadili mafowadi mpaka koo zinakauka ila kipa anapewa gongo lililobaki kwenye begi.

Kazi yake iko hivi. Kabla ya kukata alizungusha uzi mpya wa nailoni chini kidogo ya alama, akaupaka gundi nyeupe ya mbao, akasema njoo kesho. Kesho yake ndo akakata, juu kidogo ya ule uzi, kwa msumeno wa meno madogo, gongo limebanwa kwenye jiliwa na vitambaa pande zote. Pale juu akapaka gundi tena kuziba ili jasho lisiingie kwenye henzirani, akamaliza na msasa mlaini. Alitaka kupiga kamsumari kadogo juu kuzuia visiachane nikamwomba asifanye hivo, sheria za hoki haziruhusu chuma chochote kwenye gongo, si msumari si skrubu si waya, na ni haki kabisa maana gongo likivunjika ile chuma inaingia kwenye mwili wa mtu. Hakubisha, akaongeza uzi. Elfu 5 tu. Fundi huyu nampa nyota zote tano bila kufikiria, si kwa bei, kwa ile subira ya kufunga kwanza ndo akate, mafundi wengi wangekata papo hapo ukiwa umesimama.

Sasa kuna kitu ukishakata utakisikia na usishtuke. Uzito umepungua kwenye mizani ila mkononi linaonekana zito upande wa chini, kwasababu umetoa uzito wa juu na kichwa kimebaki vilevile. Liweke juu ya kidole cha shahada utafute linapotulia, utaona ile sehemu imesogea kuelekea kichwani. Kwa mchezaji wa mikono miwili si tatizo, kwa kipa wa mkono mmoja ni tatizo. Dawa ni kurudisha uzito juu kwa kile unachozungushia mpini, na hapa ndo nyumbani kwenyewe sasa, hii kazi usimpe mtu maana mkono ni wako.

Nimejaribu vitu vingi vya kuzungushia nikaviona tofauti zake. Tepu nyeusi ya umeme usiweke juu, joto la Moshi linaifanya inavutika, gundi inatoka pembeni, glavu nzima inanata, nyota moja. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukiukata mkanda mrefu ukauzungusha kwa kuuvuta unashika vizuri sana mkono ukiwa mkavu na una uzito mzuri wa kurudisha ile balansi, ila ukilowa jasho unateleza, kwahiyo mi nimeuweka chini kama msingi tu. Juu yake plasta ya kitambaa ya duka la dawa, ile nyeupe wanayofungia vidonda, inashika hata ikilowa na bei yake ndogo, inachafuka haraka lakini unabadilisha. Gripu za raketi zinazouzwa maduka ya michezo Arusha mjini ni laini na nzuri, ila kwa kipa zinaisha mapema maana mkono uko ndani ya glavu unasugua palepale kila mechi.

Umbo la mpini ndo limenifurahisha kuliko vyote. Juu kabisa nimejenga kifundo kwa kuzungusha plasta palepale mpaka pakawa pananenepa, hicho ndo kinazuia gongo kuchomoka ukilirusha kwa mkono mmoja kufuata mpira. Chini ya kifundo nimezungusha kamba nyembamba ya katani kwa kupishanisha kabla ya plasta ya mwisho, inaleta matuta madogo vidole vinakaa kwenye mabonde yake, halizunguki mkononi mpira ukiligonga pembeni. Na kwenye upande wa uso bapa wa gongo, pale kidole cha shahada kinapokaa, nimelaza kipande kifupi cha kamba kwa urefu. Hii ndo siri ya kazi yote, kwasababu ndani ya helmeti huoni mkono wako, na sheria inataka mpira uchezwe kwa upande bapa au kwa kingo, si kwa mgongo wa gongo. Kidole kikigusa ile kamba unajua uso uko wapi bila kuangalia. Kwenye penalti kona kila mtu anakimbilia kwako na hiyo nusu sekunde ni kubwa sana.

Upande wa chini gongo lilikuja na nyufa ndogo kwenye kisigino, pale chini linapoanza kupinda, na viwanja vyetu mnavijua, nyasi kidogo vumbi jingi na kokoto zinakula mbao. Hapo nilienda Arusha, Unga Limited, kwa wale mafundi wanaoziba mabampa ya magari kwa faiba na resini. Chalii mmoja akanikatia kitambaa cha faiba akakilaza kwenye kisigino kwa resini tabaka jembamba, akanichaji elfu 10 ambayo naona ni kubwa kwa kile kipande. Ubora wake mzuri, uimara upo, ila umaliziaji ulikuwa wa bampa si wa gongo, kuna nyuzi zilibaki zimesimama kama miiba na mi ndo nilizimaliza nyumbani na msasa wa 120 na maji. Nyota tatu. Ukienda kipindi cha baridi ya mwezi wa saba mwambie aliache juani mpaka likauke kabisa, resini kwenye baridi inachelewa kushika na ukilichukua bichi utalibonyeza mwenyewe njiani.

Ukimaliza yote pima, usisubiri refa akutoe. Urefu usizidi sentimita 105, hapo hakuna shida kwa tuliokata. Uzito usizidi gramu 737, mi nilipima kwenye mizani ya duka la nafaka na niko chini vizuri, ila mpira wa baiskeli na faiba vikikutana vinaongeza, kwahiyo pima baada ya kila tabaka. Gongo na kila ulichozungushia lazima lipite kwenye tundu la milimita 51, na hapa kile kifundo cha juu ndo kinakamata watu. Chukua kompasi ya hesabu ya mwanafunzi, fungua milimita 25 na nusu, chora duara kwenye kadibodi ngumu, kata, pitisha gongo. Likikwama punguza plasta. Mpindo wa gongo, ule wa urefu wake si wa ndoano, mwisho ni milimita 25, lilaze kifudifudi mezani na rula itakwambia, na kama halifiki hapo usimruhusu mtu alichemshe au kulikunja, kiungo cha gundi kitaachia.

Lile gongo lenyewe nalipa nyota nne, ile moja nimeitoa kwa zile nyufa, japo kwa bei ile sina neno. Linakaa mkononi kuliko yote ya kuazima, bega langu limepumzika na upande wa kulia nawahi chini. Jumla ya gharama na safari za vifodi na kosta bado iko mbali na bei ya jipya la kuagiza nje.

Wenye magongo ya kaboni au faiba, yale ya msaada ambayo mashule mengi yanaletewa na wageni yakiwa na urefu wa watu wazima, msiyapeleke kwa fundi wa vitanda. Ndani yana uwazi, ukikata juu unabaki na bomba, lazima uchonge kizibo cha mbao ukigandishe kwa gundi kali ya araldaiti, na vumbi lake ni baya kwa mapafu na linawasha ngozi vibaya. Tumia msumeno wa kukatia chuma, lowanisha pale unapokata, vaa barakoa na mikono mirefu, kata nje si ndani kwenye watoto. Kwa mwanafunzi anayekua kata kidogo tu, zungusha tepu kumwonesha pa kushika, ukikata lote mwakani litakuwa fupi na hakuna pa kuongezea. Fundi wa Pasua ukimfuata mpelekee la mbao, nenda asubuhi, na mpe siku mbili zake.