Uzoefu wangu: Tulivyokwenda kumtafuta Willie O'Ree kwenye makumbusho ya hoki, Toronto

Mwanangu ana miaka kumi na anacheza hoki ya barafuni. Kwenye timu yao mtoto mweusi ni yeye peke yake. Siku moja tukirudi mazoezini akaniuliza, "Baba, kwani kuna gwiji wa mchezo huu anayefanana na mimi?" Jumamosi iliyofuata nikakata tiketi mbili za Hockey Hall of Fame, makumbusho ya magwiji wa hoki jijini Toronto, Kanada.

Tulishuka Union Station, tukapita njia za chini ya ardhi hadi Brookfield Place, baridi hata haikutugusa. Ukumbi mkuu zamani ulikuwa benki, jengo la 1885, na juu yake kuna kuba la vioo vya rangi ambalo lilimfanya mtoto aanze kunong'ona bila kuambiwa. Wengine walipanga foleni kupiga picha na Kombe la Stanley, kombe la mabingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini. Sisi tukaelekea kwenye vibao vya vioo vya waliotunukiwa, tukamtafuta wetu, Willie O'Ree, aliyeingizwa mwaka 2018.

Nilipomwambia kwamba O'Ree alifunga mabao manne tu NHL, alishtuka. "Manne tu, Baba? Sasa yuko hapa kwa lipi?"

Tukasogea pembeni nikamsimulia. Mzaliwa wa Fredericton, New Brunswick, 1935, kwenye familia ya watoto 13. Alipokuwa na miaka 20 kisahani (kile kigumu kinachochezwa badala ya mpira) kilimpiga usoni, jicho la kulia likapoteza karibu uwezo wote wa kuona. Daktari akamwambia aachane na hoki. Akarudi uwanjani na siri yake, maana klabu zingejua asingecheza tena. Tarehe 18 Januari 1958, huko Montreal, akaingia na klabu ya Boston Bruins, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, nao wakashinda 3–0. Alicheza winga ya kushoto, kwa hiyo mchezo karibu wote ulikuwa upande wa jicho bovu, na ilimbidi ageuze kichwa kila mara ili aone kisahani kinatokea wapi. Akatukanwa kwa rangi yake. Chicago alipigwa kwa kitako cha gongo, pua ikavunjika na meno ya mbele yakang'oka. Jumla ya mechi zake NHL ni 45.

Halafu akaenda Los Angeles kwenye ligi ndogo, kocha akamhamishia winga ya kulia, na msimu wa 1964–65 akafunga mabao 38! Aliendelea kucheza hadi 1979. Tangu 1998 akawa anazunguka kwa niaba ya NHL kuwavuta watoto wa kila rangi barafuni, na ndiyo sababu makumbusho yalimpokea kama mjenzi wa mchezo.

Ushauri wangu: simulizi hii mpe mtoto kabla hamjatoka nyumbani, na mtenge muda wa saa tatu hivi. Kombe lenyewe mnaruhusiwa kuligusa.

Sehemu iliyotuchelewesha zaidi ni ile ya kudaka, ambapo mtoto anasimama golini na visahani laini vinarushwa kutoka kwenye skrini. Wangu alidaka vichache, kisha akafumba jicho la kulia. Vya upande huo vikampita vyote. Tukarudi kwenye foleni. Zamu ya pili aliinamisha kidevu hadi karibu kiguse bega la kulia, jicho bado limefumbwa, akadaka kimoja.