Uzoefu wangu: mkopo wa SACCOS wa kununua madeni, baada ya kausha damu

Kama uko kwenye mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kubwa, na wewe ni mwanachama wa SACCOS ya kazini (chama cha ushirika cha akiba na mikopo), ushauri wangu nautoa mapema: nenda kaulizie mkopo wa kununua madeni, ambao SACCOS inakulipia madeni yako yote ukabaki unadaiwa na yenyewe tu, kabla mshahara ujao haujaingia. Mimi nimeuchukua na bado naulipa. Nitaeleza uliponisaidia, na pia pale ambapo SACCOS yetu ina la kurekebisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Madeni yangu yalikua kwa njia ambayo watumishi wengi wanaijua. Mama aliugua tukampeleka Muhimbili. Bima ililipa matibabu, lakini nauli, chakula na malazi ya mtu wa kumuuguza vilikuwa juu yangu. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta na masika yanakaribia, nikachukua bati na mbao kwa mkopo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mtoto akachaguliwa kidato cha tano shule ya bweni, mbali na nyumbani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho kingeweza kusubiri.

Anayetazama kwa nje husema mwalimu ana mshahara wa uhakika. Ana uhakika, ndiyo, lakini tazama salari slipu yake. Mfuko wa pensheni PSSSF asilimia 5, bima ya afya NHIF asilimia 3, chama cha walimu asilimia 2, Bodi ya Mikopo ya elimu ya juu asilimia 15. Robo ya mshahara imeshaondoka, na bado kodi ya PAYE. Deni la Bodi silihesabu kati ya yaliyoniumiza, kwa sababu tangu tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6, iliyokuwa inaongezwa juu ya deni, ifutwe mwaka 2021, kila makato yanayokwenda huko nayaona yakipunguza salio. Kausha damu haliko hivyo.

Kwa asiyeijua: nilikopa milioni moja kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Dhamana ni kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Siku mshahara unapoingia, mkopeshaji ndiye anayekwenda kwenye mashine. Anachukua laki mbili yake ya riba, kinachobaki anakukabidhi wewe mwenye mshahara. Mwezi unaofuata hivyohivyo. Milioni haijaguswa. Ukifikisha miezi mitano umelipa milioni nzima na bado unadaiwa milioni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kibiashara awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana. Huyu wa kwangu hakuwa na leseni wala ofisi. Mkataba tuliuandika kwenye karatasi ya daftari.

Sasa SACCOS. Fomu ya mkopo wa kununua madeni ina ukurasa mmoja ambao fomu za mikopo mingine hazina: orodha ya kila unayemdai na kila anayekudai. Nilijaza madeni makubwa nikairudisha. Mzee mmoja wa kamati ya mikopo, mwalimu mkuu mstaafu, akaisoma taratibu, akasema, "Mwalimu, tuandikie yote. Hata la simu. Hata la mwenzako wa ofisini. Tukilipa nusu, hiyo nusu nyingine itakurudisha kulekule."

Nilikwenda nyumbani nikakaa na mume wangu tukaandika. Kausha damu 1,000,000. Duka la vifaa 900,000. VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, 600,000. Mwalimu mwenzangu 300,000. Mkopo wa programu ya simu 200,000. Jumla milioni tatu kamili. Nilikuwa nimeishi na madeni hayo muda mrefu, kila moja na tarehe yake na maneno yake, lakini jumla yake sikuwahi kuiona ikiwa imeandikwa. Nataka kusema wazi kwamba kazi hii ya usiku mmoja ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, na huhitaji SACCOS kuifanya. Chukua karatasi, mkae wawili, muandike jina, kiasi kilichobaki, riba na tarehe. Usikadirie. Tulipokuwa hatukumbuki, tulipiga simu kuuliza, na mweka hazina wa VICOBA alitusomea kutoka kwenye daftari bila kutuaibisha hata kidogo.

Kuhusu deni la simu niongeze kidogo. Programu ile ilikuwa imechukua namba zote kwenye simu yangu, na nilipochelewa ikaanza kuwatumia ujumbe ndugu na wazazi wa wanafunzi kwamba mimi ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Kabla hujapakua yoyote, hakikisha kwanza kama inatambuliwa na Benki Kuu.

Masharti ya SACCOS yetu ni haya: unakopeshwa hadi mara tatu ya akiba yako, riba asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, wadhamini wawili wanachama, na makato kupitia mshahara. Akiba yangu ilikuwa imefika milioni moja, hivyo milioni tatu ziliwezekana, kwa miezi 24. Rejesho ni kama 150,000 kwa mwezi. Riba yote, tangu mwanzo hadi mwisho, haifiki laki sita. Linganisha: kwa kausha damu, milioni moja pekee ilikuwa inakula laki sita ndani ya miezi mitatu.

Tena ukiwa unalinganisha wakopeshaji, usiulize asilimia tu. Uliza inahesabiwa juu ya nini. Milioni tatu kwa asilimia 3.5 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote hadi mwisho, ni riba ya 2,520,000 kwa miezi 24, rejesho 230,000. Na asilimia hiyo ni ileile ya ukomo wa Benki Kuu. Kwa hiyo omba wakuchapie jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi, na usisaini kabla hujaliona.

Kilichonipendeza zaidi ni kwamba fedha hazikupita mkononi mwangu, isipokuwa za deni la simu. Duka la vifaa na VICOBA walilipwa moja kwa moja na SACCOS, na mwenzangu aliingiziwa kwenye akaunti yake. Kwa kausha damu, mhasibu wa SACCOS alinishauri tulipane mbele ya mtendaji wa mtaa. Ndivyo tulivyofanya. Mkopeshaji alihesabu fedha, akaandika kwamba hanidai tena, akasaini, mtendaji akagonga muhuri, karatasi yetu ya zamani ikachanwa pale mezani. Kadi nikarudishiwa. Nilikwenda benki saa hiyohiyo kubadili namba ya siri, na kila anayetoka huko namsihi afanye hivyo bila kungoja kesho.

Wadhamini ndio sehemu ngumu. Kumwomba mtu adhamini ni kumwambia hali yako yote, na nikikwama akiba yao ndiyo itakayokatwa. Dada mmoja wa idara ya sayansi alikubali kwa sharti kwamba nimwonyeshe salari slipu kila mwezi hadi mkopo uishe. Namwonyesha, na ninamshukuru. Ipo pia bima ya mkopo, inayolipwa mara moja mwanzoni, ili nikifariki deni lisiwaangukie wao wala watoto wangu.

Upungufu upo. Kamati inakaa mara moja kwa mwezi, na ukikosa kikao unasubiri kingine huku kausha damu inaendelea kukukata. Kwa mkopo wa aina hii wangeweka utaratibu wa dharura. Ada ya fomu na bima hazikuelezwa mapema, nikajikuta natafuta fedha dakika za mwisho. Akiba yako haitoki hadi umalize deni, hilo ulijue. Na kwa mwanachama mpya asiye na akiba, mkopo huu haumsaidii kabisa, ilhali walimu wa ajira mpya ndio wanaokimbilia kausha damu zaidi. Ningependa mkutano mkuu ulijadili hilo.

Jambo jingine: hata kama kamati imekubali, makato yote kwa pamoja hayaruhusiwi kukuacha chini ya theluthi moja ya mshahara wako. Mwenzetu mmoja mwenye mkopo mkubwa wa benki alikwamia hapo. Kwake, njia iliyobaki ilikuwa kuzungumza na kila mdai apunguziwe rejesho, na wawili walikubali.

Kwangu mimi, makato yameingia vizuri kila mwezi, salio limeshashuka chini ya nusu, na mshahara wangu naupokea mwenyewe. VICOBA nimebaki mwanachama wa kununua hisa tu. SACCOS inaruhusu kulipa zaidi bila faini, na riba inapungua mara moja, kwa hiyo posho ya kusahihisha mitihani ikitoka nitaipeleka yote huko. Mkitaka kulinganisha masharti ya SACCOS zenu na yetu, andikeni riba, mnakopeshwa hadi mara ngapi ya akiba, na ada za mwanzo. Nitajibu kila mmoja.